Nyongo Ikikosa Njia

Nilipokuwa mdogo pale Mikindani, mtoto hakukabidhiwa ini la kuku. Kunyonyoa tulinyonyoa, kukatakata tulikatakata, lakini ikifika zamu ya ini kisu kilirudi kwa mama mdogo. Alikishika kile kifuko cha kijani kwa ncha za vidole viwili, akakata na kipande kidogo cha ini ili kisu kisikiguse, kisha akamtupia paka, naye paka akakinusa na kwenda zake. Siku moja kilimpasukia mkononi. Tulisuuza lile ini kwa maji, kwa ndimu, kwa chumvi. Likapikwa, na hakuna aliyelimaliza. Tangu hapo nikisikia mtu anasema mambo yametumbukia nyongo, ulimi wangu unakumbuka.

Mwaka juzi, mwezi wa Oktoba, nilimkuta mama mdogo huyo huyo barazani anajikuna mgongo kwa gunzi la muhindi. Macho yalikuwa yamegeuka rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Ilikuwa siku ya 11 tangu aanze kuumwa. Zahanati walimpima malaria kwa kipimo cha haraka, hakikuonyesha kitu, akapewa dawa mseto hata hivyo. Siwalaumu sana: Mtwara ni kati ya mikoa inayoongoza nchini kwa malaria, na mtu akizoea kuona simba kila siku hata mbwa akibweka atashika mkuki. Kituo cha pili waliona manjano, wakasema ini, wakaandika vitamini. Jirani alileta mizizi iliyochemshwa. Kijana wake alirudi kutoka Masasi na kopo la vidonge vya "kusafisha ini", lina picha ya ini jekundu linalong'aa na maneno makubwa: HUONDOA SUMU.

Nilifanya kazi maabara ya hospitali miaka 13 kabla ya kuhamia kwenye kalamu, kwa hiyo nilimuuliza swali ambalo siku zote hizo hakuna aliyemuuliza. Choo chako kina rangi gani?

"Mwanangu, mambo ya chooni unaniuliza mimi?" Akatazama pembeni, akapandisha khanga. Kisha akasema taratibu: "Cheupe. Kama makopa. Na mkojo ni chai ya rangi."

Makopa, kwa msomaji wa bara asiyeyajua, ni muhogo uliomenywa ukaanikwa juani mpaka ukawa mweupe na mkavu. Daktari bingwa asingeeleza vizuri zaidi. Choo cheupe, mkojo mweusi, mwili unawasha: nyongo haifiki kwenye utumbo. Kuna kitu kimeziba mrija.

Nieleze hapo kidogo. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, halafu huvunjwa, na rangi yake nyekundu hugeuzwa kuwa bilirubini, yenye rangi ya manjano. Ini huichukua, huifunga na sukari ya aina fulani ili iyeyuke kwenye maji, kisha huimwaga kwenye nyongo. Bakteria wa utumbo huigeuza tena, na hapo ndipo choo kinapopata rangi ya kahawia. Ini la mtu mzima hutengeneza nyongo inayokaribia lita moja kwa siku. Kifuko chenyewe hubeba mililita 30 hadi 50 tu. Ni ghala dogo la kukoleza nyongo ikisubiri mlo wenye mafuta. Kwenye ghala hilo ndimo vijiwe huota. Vingi havimsumbui mtu mpaka anakufa kwa jambo lingine. Kimoja kikitoka na kukwama kwenye mrija mkuu, lita nzima ya kila siku inakosa pa kwenda. Inarudi nyuma. Bilirubini iliyokwisha kufungwa inaingia kwenye damu, inachujwa na figo, mkojo unakuwa chai, na choo kinabaki makopa.

Wapenzi wa mashairi humwita kipenzi chao nyongo mkalia ini. Sijui aliyeanzisha alikuwa anafikiria nini, maana nyongo ikikaa kwenye ini kweli, hilo si penzi tena.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka kubishania. Wauza makopo hawadanganyi moja kwa moja. Wanasema manjano huja na sumu, na kwamba sumu hiyo huliunguza ini kwa kitu wanachokiita chembe huru. Ni kweli. Wanachokosea ni hatua inayofuata, na hapo ndipo watu wetu wanapopoteza fedha na siku.

Tunaiogopa rangi ya manjano kwa sababu inaonekana. Lakini kwa mtu mzima mwenye mrija ulioziba, mharibifu mkubwa wa ini si bilirubini. Ni asidi za nyongo. Hizi ni sabuni. Kazi yake utumboni ni ile ile ya sabuni kwenye sufuria yenye mafuta: kuyavunja yawe matone madogo. Zikirundikana ndani ya seli za ini huzivunja seli zenyewe, maana ukuta wa seli nao ni mafuta. Zinazochoma zaidi ni zile zisizopenda maji. Huingia mpaka kwenye mitokondria, yale majiko madogo ambamo seli huchoma chakula kwa oksijeni, na jiko likipasuka cheche huruka. Cheche hizo ndizo chembe huru. Kwa kawaida seli ina wazimamoto wake, na mkubwa wao anaitwa glutathioni. Cheche zikizidi wazimamoto, wataalamu husema kuna mkazo wa oksidesheni. Jina zito, lakini mtu wa Mtwara analijua jambo lenyewe kwa pua.

Fungua gunia la korosho zilizobanguliwa zikakaa vibaya mwaka mzima. Ile harufu ya ukale, mafuta yaliyochacha, ni oksijeni imekula mafuta ya korosho. Maabara za chakula hupima uchachu huo kwa kutafuta mabaki yake, mojawapo likiwa malondialdehidi. Watafiti wa ini hupima kitu hicho hicho kwenye damu ya wagonjwa wa mrija ulioziba, na mara nyingi hukikuta kimepanda huku glutathioni imeshuka. Yaani ini la mama mdogo lilikuwa linachacha kama korosho ya ghala bovu, kwa kemia ile ile.

Na moto hauwashwi na nyongo peke yake. Utumboni nyongo hufanya kazi ya askari pia, huwazuia bakteria wasistawi kupita kiasi. Ikikosekana, utumbo hudhoofika na vipande vya bakteria huvuja kuelekea kwenye ini. Chembe za ulinzi za ini huvipokea kwa kurusha cheche zaidi. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii huweza kuharibika figo wakati tatizo lilianza kwa kijiwe kidogo kama punje ya choroko.

Kuna kinaya hapa kinachonifurahisha mpaka leo. Bilirubini, hiyo hiyo tunayoikimbia, ni mzimamoto. Mwaka 1987 Roland Stocker na wenzake walionyesha kuwa katika kiwango kidogo huzima chembe huru na kulinda mafuta yasichache. Mwili haukuitengeneza kwa bahati mbaya. Mtu anayemeza kitu ili "kuondoa manjano" huku mrija umeziba anapigana na moshi.

Basi, mtu atasema, kama ni chembe huru, si tumpe dawa za kuzima chembe huru? Antioksidanti. Hoja ina mantiki, na kwa panya imefanya kazi. Panya aliyefungwa mrija wa nyongo kwa uzi, akipewa vitamini E au asetilisisteini, dawa inayousaidia mwili kuunda glutathioni, ini lake huumia kidogo kuliko la mwenzake. Majaribio ya aina hiyo ni mengi na mengine ni mazuri. Lakini soma vizuri: uzi haukufunguliwa. Panya aliumia polepole zaidi, basi.

Kwa binadamu kuna kikwazo ambacho sijawahi kukisikia kikitajwa kwenye spika za minadani. Vitamini E huyeyuka kwenye mafuta, na ili iingie mwilini kutoka utumboni inahitaji nyongo. Ile ile iliyozuiwa. Unameza kidonge, kinapita, kinatoka na choo cheupe. Vivyo hivyo vitamini A, D na K. Kwa sababu ya K damu ya mgonjwa hushindwa kuganda, na ndiyo sababu hospitali humchoma sindano ya vitamini K kabla ya kisu. Humchoma, hawamwambii ameze. Hata kwa wasioziba mrija hadithi haikuwa nzuri: mwaka 2007 uchambuzi uliojumlisha majaribio 68 na washiriki 232,606 ulionyesha kuwa vidonge vya betakarotini, vitamini A na vitamini E huenda vikaongeza vifo badala ya kuvipunguza.

Halafu kuna manjano kwa manjano. Lugha yetu imetutega: kiungo cha chakula na ugonjwa vina jina moja, na mtu anaona ni haki ya Mungu kimoja kitibu kingine. Sina ugomvi na manjano ya kwenye samaki wa nazi. Ninazungumzia vidonge na unga uliokolezwa, kijiko kikubwa asubuhi na jioni. Kiini chake, kurkumini, hukifanya kifuko cha nyongo kijikaze. Kwa mwenye vijiwe, kujikaza huko ndiko kunakoleta maumivu, na ndiko kunakoweza kusukuma kijiwe kiingie mrijani. Zaidi ya hapo, Italia mwaka 2019 walitoa tahadhari baada ya watu kadhaa kuumwa ini, nyongo ikishindwa kutiririka, kutokana na virutubisho vya manjano. Dawa ya manjano ikaleta manjano.

Nigusie na ile tiba ya mafuta ya zeituni na ndimu, kikombe kizima usiku, asubuhi vijiwe vya kijani vinaelea chooni na picha zinarushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwaka 2005 madaktari wa New Zealand waliandika kwenye jarida la The Lancet habari ya mama mmoja aliyewaletea vijiwe vyake vya namna hiyo. Walivipasha moto hadi nyuzi 40, vikayeyuka. Havikuwa na kolesteroli wala bilirubini wala kalisi. Ilikuwa sabuni iliyotengenezwa tumboni kwa mafuta aliyokunywa. Vijiwe vyake halisi vilikuwa bado viko ndani, vikaja kutolewa kwa upasuaji.

Kuna kitu kimoja katika chembe huru kinachotuhusu sisi wa kusini, ingawa hakiuzwi kwenye kopo. Glutathioni haipatikani bure. Mwili huiunda kutoka kwenye protini zenye salfa, na sisemi ile salfa tunayopuliza mikorosho kuua ubwiriunga, tafadhali mtu asije akailamba. Ni ile iliyo kwenye mayai, samaki, nyama na, kwa kiasi, kunde. Sasa tazama mzigo tunaoitwisha akiba hiyo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sianidi, na mwili huiondoa kwa kutumia salfa hiyo hiyo; wilaya ya Mtwara Vijijini imewahi kupata konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu, kwa sababu ya sianidi pamoja na uhaba wa protini. Sumukuvu ya karanga na mahindi huzimwa kwa glutathioni. Nipa, ile pombe inayokenekwa kwa mabibo, huimaliza. Panadol ikizidi huimaliza kabisa, ndiyo maana mtu mzima hatakiwi kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na aliyelala njaa au mwenye ini bovu apewe pungufu ya hapo kwa ushauri wa daktari. Mama mdogo alikuwa ameshindwa kula wiki nzima, anakunywa uji wa muhogo, na kwa homa anameza panadol "mbili mbili kila ikipanda". Tukamwongezea mizizi ambayo hakuna aliyejua ni ya mti gani. Ini lilikuwa linaungua na sisi ndio tulikuwa tunamwaga maji ya wazimamoto uani.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa manjano ya mrija ulioziba, dawa ya chembe huru ni kufungua mrija. Nyongo ikipita, asidi zinashuka na cheche zinapungua. Ini ni kiungo chenye uvumilivu wa ajabu kikiondolewa mzigo mapema. Likiachwa limeziba kwa miezi, makovu yanajenga na hapo hakuna wa kuyabomoa. Na kabla ya miezi kuna hatari ya siku: nyongo iliyosimama huoza. Maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, homa ya kutetemeka, manjano. Vitatu hivi kwa pamoja daktari Charcot wa Ufaransa alivieleza mwaka 1877 na bado ni kengele ile ile. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2019 inataka mgonjwa aliyefikia kushuka presha kwa sababu hiyo azibuliwe ndani ya saa 12.

Saa 12! Njia ya kisasa ya kuzibua ni endoskopi, bomba jembamba lenye kamera, inayoshuka kwa mdomo mpaka kwenye tundu la mrija, wanaiita ERCP, na kwa mgonjwa wa huku kwa miaka mingi maana yake ilikuwa Dar es Salaam. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Na hizo ni kilomita za siku njema. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na magari yakalala foleni. Mgonjwa wa mrija hana siku za kulala Somanga.

Lakini nikihesabu siku za mama mdogo, barabara haikula hata moja. Siku 11 zililiwa kabla ya mtu yeyote kufikiria barabara. Tatu kwa dawa mseto, nne kwa vitamini, zilizobaki kwa kopo la Masasi na kwa kusubiri hela ya korosho, maana mnada wa kwanza ulikuwa umefanyika na malipo hayajaingia. Kipimo kilichokuja kuonyesha tatizo ni altrasaundi ya dakika kumi. Mrija ambao ungetakiwa usizidi milimita 6 ulikuwa 14. Bilirubini ilisoma 238, wakati mtu mzima hatakiwi kuvuka 20 hivi.

Ndiyo maana nadhani tunalilia vifaa vikubwa na kusahau swali dogo. Taiwan tangu mwaka 2004 kila mama aliyejifungua hupewa kadi yenye picha za rangi za choo, alinganishe na cha mtoto, kwa sababu kuna watoto huzaliwa njia ya nyongo imeziba na upasuaji hufaa ukiwahi. Kadi ya karatasi, na watoto wakaanza kufika mapema. Sioni kinachozuia zahanati ya Nanyamba au Liwale kuwa na kadi kama hiyo ukutani kwa watu wazima, na mstari mmoja kwenye rejesta: mwenye manjano, choo rangi gani, mkojo rangi gani. Choo cheupe, andika rufaa ya altrasaundi leo. Mhudumu hahitaji digrii kwa hilo, anahitaji ruhusa ya kuuliza bila mtu kuona aibu, na kusema kweli hiyo aibu ndiyo ngumu kuliko kadi.

Wanaonitia hofu zaidi ni watoto wa selimundu. Tanzania huzaliwa takriban 11,000 kila mwaka. Chembe zao nyekundu huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, kwa hiyo bilirubini huzalishwa kwa wingi na vijiwe vyao ni vyeusi, vya rangi hiyo, si vya kolesteroli. Vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya hufundisha kwamba mwenye vijiwe ni mwanamke mnene wa miaka 40. Huku anaweza kuwa kijana mwembamba wa miaka 14 kutoka Newala, na kwa kuwa macho yake yamekuwa na umanjano tangu utoto, siku mrija unapoziba kila mtu nyumbani anasema ni kawaida yake. Rangi ya macho haimsaidii. Rangi ya choo ingemsaidia.

Mama mdogo siku ya 12 alianza kutetemeka. Tulikodi gari usiku ule, hela ya mnada tukaikopa kwa jirani. Walimpa sindano za antibayotiki na vitamini K, na asubuhi ya pili wakampasua, tumbo wazi, njia ya zamani, bila endoskopi. Kujikuna kulikoma kabla hajatoka wodini. Siku ya tano alinipigia simu mwenyewe, sauti ya chini kama anayetoa siri ya ukoo: "Leo kimekuwa cha kahawia."

Vijiwe walimpa kwenye kichupa cha plastiki, vinne, vyeusi kama pilipili manga. Wageni wakija anavitoa na kuwaonyesha. Lile kopo la vidonge bado liko juu ya kabati, nusu halijaisha, na juzi aliniuliza kama yule muuzaji wa Masasi anaweza kukubali kurudishiwa.